Nani waliimba ndani ya katuni? Jibu kwa dada wa Tanga

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Tanga, nalifupisha: kwenye vitu vya marehemu baba yake amekuta santuri ndogo ya The Archies, "Sugar, Sugar", hiyo nyimbo anaijua tangu utotoni, ila kwenye santuri hamna jina hata moja la mwimbaji wala mpiga chombo, na akisachi anaambiwa ni bendi ya katuni, basi. Anauliza nani hasa waliimba, nani walipiga, walilipwa au walidhulumiwa, na yeye mwenye simu tu mkononi anaweza vipi kuwatafuta waliosahaulika. Mwishoni akaongeza Josie and the Pussycats, katuni nyingine yenye bendi ndani yake, na nashukuru ameongeza maana hapo ndo pana habari inayoniuma zaidi.

Dada, nianze na jibu lenyewe alafu ndo nikupe njia. Sauti ya kiume unayoisikia ni ya Ron Dante, kijana wa Staten Island, New York, kazaliwa 1945 na jina lake la nyumbani ni Carmine Granito. Ile sauti ya kike inayochomoza peke yake kuelekea mwishoni, fupi tu lakini ukishaisikia haikutoki, ni ya Toni Wine. Walioandika ni Jeff Barry na Andy Kim, na Barry huyo huyo ndo prodyuza. Juu yao wote alikaa Don Kirshner, bosi wa muziki, yule aliyeondolewa kwenye mradi wa The Monkees, bendi ya vijana iliyoundwa kwa ajili ya kipindi cha runinga, mwanzoni mwa 1967 baada ya vijana wa bendi kuchoka kuimba juu ya muziki uliopigwa na watu wengine, wanataka wapige wenyewe, na ugomvi ulifika mahali Mike Nesmith akapiga ngumi ukuta wa hoteli pale Beverly Hills ukatoboka. Bendi iliyofuata ya Kirshner ilikuwa ya watu wasioweza kubishana naye. Archie na wenzake walikuwa kwenye vitabu vya katuni tangu 1941, kampuni ya Filmation ikawatengenezea kipindi, runinga ya CBS ikaanza kukirusha Septemba 1968, Jumamosi asubuhi watoto wakiwa nyumbani, na ndani yake kuna bendi na nyimbo.

Nataka hili lieleweke vizuri maana wengi wanadhani majina yalipotea. Hayakupotea, hayakuandikwa. Biashara ilitaka mtoto anunue santuri akiamini Archie ndo anaimba na Veronica yuko kwenye kinanda na Jughead anapiga drams, sasa ukiweka picha ya Ron Dante kwenye kava umeua mchezo wote. Kwaiyo kava ni michoro na jina ni The Archies. Aliyeimba anamaliza kazi, anasaini karatasi, anaenda studio nyingine kuimba tangazo la biashara au kuitikia nyimbo ya mtu mwingine, na wiki zinapita anasikia sauti yake dukani, kwenye gari, kila mahali, na hakuna anayejua ni yeye.

Na ilisikika kweli kweli. Mwanzoni stesheni za redio zilikuwa hazitaki kugusa kitu cha katuni, na Dante amesimulia mara nyingi jinsi watu wa promosheni walivyoipeleka santuri San Francisco bila kutaja jina la bendi, ikapigwa, simu zikamiminika, alafu ndo wakaambiwa ni akina nani. Ilitoka Mei 1969, Septemba ikawa namba moja Marekani kwa wiki nne, Uingereza ikakaa namba moja wiki nane, na Billboard, gazeti la biashara ya muziki la Marekani, walipofunga hesabu za mwaka ndo ikawa wimbo wa kwanza kwa mwaka mzima wa 1969. Mwaka wa lile tamasha kubwa la Woodstock huo, Beatles wapo, Rolling Stones wapo.

Kabla hatujaenda mbali nikutahadharishe na stori moja utakayokutana nayo kila kona, kwamba "Sugar, Sugar" walipewa The Monkees kwanza wakaikataa. Kirshner mwenyewe aliipenda sana hiyo stori na ni tamu kusimulia. Lakini weka tarehe mezani: Kirshner katolewa The Monkees mwanzoni mwa 1967, katuni imeanza Septemba 1968, santuri imetoka Mei 1969. Katikati pana miaka miwili na zaidi. Mtu akitaka tuamini kwamba nyimbo hii hii ilikuwepo kwenye ule ugomvi wa hotelini alete karatasi yenye tarehe, na kumbuka aliyekuwa anaisimulia ni mtu aliyetimuliwa na hao hao vijana, ana kila sababu ya kutaka waonekane walitupa dhahabu. Hiyo ndo kanuni yangu ya kwanza kwenye kazi hii: kumbukumbu ya mtu naiheshimu, lakini karatasi iliyoandikwa siku ile ile ili mtu alipwe hela naiamini zaidi, kwa sababu wakati ule hakuna aliyejua kuna siku tutakuja kuuliza.

Sasa wapigaji. Hapa watu wanakosea toka mwanzo maana wanauliza "mpiga drams wa The Archies ni nani" kama vile unauliza bendi ya kawaida yenye watu watano na gari lao. Bendi ya katuni haina mpiga drams, ina siku za kurekodi, na kila siku aliitwa aliyekuwa na nafasi. Ndo maana orodha zinazoaminika zinataja besi watu wawili, Chuck Rainey na Joey Macho, drams watu wawili, Gary Chester na Buddy Saltzman, gitaa Hugh McCracken, kinanda Ron Frangipane. Waitikiaji ndo usiseme, yumo Barry mwenyewe na ile sauti yake nzito ya chini, yumo Andy Kim, Ellie Greenwich, Bobby Bloom, Joey Levine, Maeretha Stewart, Lesley Miller, Susan Morse. Na upande wa kike Toni Wine hakukaa mpaka mwisho, baada yake akaja Donna Marie, alafu Merle Miller, kwaiyo ukikuta singo ya 1971 usiseme tu ni Toni kwa sababu ni The Archies.

Na hawa sio wababaishaji waliookotwa mtaani kupigia watoto. Chuck Rainey ndo besi ya Aretha Franklin kwenye "Rock Steady", baadae kapiga na Steely Dan. McCracken kapiga gitaa kwenye albamu ya Ram ya Paul McCartney, na yeye na Gary Chester wote wawili wapo kwenye "Brown Eyed Girl" ya Van Morrison ya 1967. Saltzman kapiga drams kwenye nyimbo za The Four Seasons. Joey Levine ndo sauti ya "Yummy Yummy Yummy" ya Ohio Express. Yaani ukifungua pazia la ile katuni unawakuta mafundi bora wa New York wamekaa kimya wanasoma noti. Mimi hilo ndo linanifanya niipende kazi hii, maana mtu anadharau wimbo wa watoto kumbe besi anayoisikia ikitembea chini huenda ni ya Chuck Rainey.

Mtego mwingine ni waongeaji. Kwenye majina ya mwisho wa kipindi kuna watu wametajwa kabisa: Dallas McKennon ni Archie, Howard Morris ni Jughead, John Erwin ni Reggie, Jane Webb ni Betty na Veronica wote wawili. Basi mtu anapiga picha skrini anarusha mtandaoni, "waimbaji wa The Archies hawa hapa". Hapana. Hao wameongea, hawajaimba. Archie akiwa anaongea ni McKennon, akifungua mdomo kuimba anageuka Dante, na hao wawili walifanya kazi pande mbili tofauti za nchi maana katuni ilitengenezwa California na muziki New York. Josie ni hivo hivo, Josie anaongea kwa sauti ya Janet Waldo, anaimba mtu mwingine kabisa. Kila unapokuta jina jiulize kwanza, huyu katajwa kwa kazi gani?

Haya, sasa chukua hiyo santuri ya baba uishike karibu na dirisha. Chini ya jina la wimbo kuna majina kwenye mabano, J. Barry na A. Kim, hao ni waandishi. Kuna jina la prodyuza. Kuna kampuni ya haki za nyimbo, ya Kirshner, na herufi tatu BMI, shirika linalowakusanyia waandishi wa nyimbo hela zao. Kuna namba ya santuri, ile ya kwanza kabisa ya Marekani ni ya lebo ya Calendar, 63-1008, na upande wa pili ni "Melody Hill"; kama yako ina namba nyingine au lebo nyingine basi ilichapwa nchi nyingine au baadae, na hiyo nayo ni habari. Alafu igeuze geuze kwenye mwanga uangalie ile duara laini inayozunguka karatasi ya katikati, pale mistari ya muziki inapoishia. Utaona herufi na namba zimekwaruzwa, saa nyingine kwa mkono kabisa, zimelala kidogo, nyepesi mpaka uinamishe santuri ndo zionekane. Hiyo ni namba ya utepe uliotumika kukata santuri. Wengi hawaiangalii kabisa wakati ndo kitambulisho chenyewe, maana karatasi ya katikati inaweza kubandikwa yoyote lakini zile namba zimechorwa kwenye chuma kilichozaa santuri, na upande A na upande B zikifuatana namba inakupa fununu kwamba zilishughulikiwa pamoja. Zipige picha kwa simu na tochi ya pembeni, sio ya juu.

Ukishapata majina ya waandishi nenda kwenye hifadhi za mtandaoni za BMI na mwenzake ASCAP, ni bure, andika jina la wimbo utaona walioandikishwa. Hapa nakuomba usiangalie wimbo mkubwa tu. Kila mtu anakimbilia "Sugar, Sugar", lakini waliosahaulika wamejificha kwenye nyimbo za upande B na zile zilizopigwa kwenye kipindi mara moja zikaisha. "Melody Hill" yako hiyo iliandikwa na Mark Barkan na Ritchie Adams, na ukiwafuata hao unafika kwenye The Banana Splits ya 1968, wale wanyama wa kuvaa manyoya, na ukiingia huko unakutana na wimbo mmoja ulioandikwa na Barry White, ndio, yule yule wa sauti ya chini chini, kabla dunia haijamjua. Watu hawa walikuwa wanazunguka kwenye majengo machache, namba 1619 na namba 1650 Broadway, ofisi juu ya ofisi, piano kila chumba, ukimpata mmoja anakupeleka kwa mwenzie.

Majina yanabadilika, jiandae. Carmine Granito akawa Ron Dante. Andrew Youakim, kijana wa Montreal wa familia ya Kilebanoni, akawa Andy Kim, na 1974 akapata namba moja yake mwenyewe na "Rock Me Gently". Cheryl Stoppelmoor akakatwa jina akawa Cherie Moor, alafu akaolewa akawa Cheryl Ladd na dunia ikamjua kwenye tamthilia ya runinga ya Charlie's Angels 1977, na wengi walioangalia Charlie's Angels hawakujua kwamba walishamsikia akiimba kwenye katuni. Wanawake ndo wanapotea zaidi kwenye kazi hii kwa sababu hiyo, jina la ukoo, la jukwaani, la ndoa ya kwanza, la ndoa ya pili, kwaiyo ukitafuta jina moja tu ukasema "hayupo" bado hujatafuta.

Magazeti ya biashara ya muziki ya wakati ule yapo mtandaoni yameskaniwa, Billboard, Cash Box, Record World, unaweza kusachi neno ndani yake. Usisome chati. Soma vile vihabari vidogo vya pembeni, nani kasaini wapi, prodyuza gani yuko studio gani wiki hii. Watu wa promosheni walikuwa wanaficha majina kwa watoto, ila kwa wenzao wa biashara walikuwa wanajisifu.

Lakini hazina yenyewe ipo kwenye chama. Marekani wapiga vyombo wana American Federation of Musicians (AFM), tawi la New York ni Local 802, la Los Angeles ni Local 47, na kila walipoingia studio kwa kazi halali ilijazwa fomu ya mkataba. Fomu ile ina jina la kampuni inayolipa, studio, tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, majina ya nyimbo, alafu majina ya wapigaji mstari kwa mstari na malipo ya kila mmoja. Kikao cha kawaida cha kurekodi ni masaa matatu na haziruhusiwi kutoka humo zaidi ya dakika 15 za muziki. Kiongozi analipwa mara mbili, kwaiyo ukiona mtu ana hela dabo kwenye karatasi ujue ndo alikuwa anaongoza wenzie siku ile. Hizo fomu hazikai wazi mtandaoni kwa kila mtu, zina mambo binafsi ya watu kama anuani na namba za bima, inabidi uandike barua kwa tawi ueleze unatafuta kikao gani, na ndo maana nimekung'ang'aniza namba na tarehe kwanza, maana ukiwaandikia "naomba waliopiga The Archies" hawana pa kuanzia, ila ukiwaandikia wimbo huu, kampuni hii, miezi hii, wanaweza kukusaidia.

Na hata fomu isomwe kwa akili. Waimbaji hawamo, wao walikuwa chama kingine, AFTRA, ambacho 2012 kiliungana na SAG, chama cha waigizaji, kikawa SAG-AFTRA, kwaiyo mtu anaona hamna jina la Toni Wine anasema hakuwepo, kumbe karatasi yake iko jengo lingine. Pia kilichopigwa Jumatatu kinaweza kuongezewa gitaa Alhamisi, na ya Alhamisi ina fomu yake. Na jina la wimbo saa nyingine lilikuwa bado halijaamuliwa, limeandikwa jina la muda.

Sikio nalo lina kazi yake. Sikiliza "Sugar, Sugar" alafu sikiliza "Tracy" ya The Cuff Links, nayo ya 1969. Bendi nyingine, kampuni nyingine, waandishi wengine, Paul Vance na Lee Pockriss. Ila sikiliza anavyoiingia konsonanti laini, karibu kunong'ona, na anavyopanda juu bila kukaza koo. Ni Ron Dante tena, na kule kaimba sauti zote mwenyewe, anarekodi moja, anarekodi nyingine juu yake, mpaka inakuwa kwaya ya mtu mmoja. "Tracy" ilifika namba 9 Marekani wakati "Sugar, Sugar" bado iko kumi bora, yaani mtu mmoja yuko kwenye kumi bora mara mbili kwa wakati mmoja kwa majina mawili ya bendi ambazo hazipo. Na miaka mitano nyuma, 1964, alikuwa kwenye The Detergents, wakaimba wimbo wa kuigiza kwa utani ule wa "Leader of the Pack", ambao mmoja wa waandishi wake ni nani? Jeff Barry. Baadae tena akawa prodyuza wa Barry Manilow. Ila sikio likupe fununu tu, lisikupe jina, maana kule New York waimbaji wa matangazo waliweza kuigana sauti vizuri sana.

Sasa Josie. Kampuni ya katuni ya Hanna-Barbera walianza kipindi 1970, CBS, na muziki wakawapa Danny Janssen na Bobby Young, wao watafute wasichana watatu wa kuimba, albamu itoke kampuni ya santuri ya Capitol. Wakapita wasichana wengi sana wakachagua Cathy Dougher, Cherie Moor niliyekueleza, na Patrice Holloway. Patrice alikuwa Mmarekani mweusi wa Los Angeles, dada yake mkubwa ni Brenda Holloway, mwimbaji wa kampuni ya Motown. Hanna-Barbera wakasema hapana, kwenye katuni wote watatu ni weupe, atafutwe mwingine. Janssen akakataa. Akasema sauti ni hii, asipokuwepo yeye na mimi simo, na wakavutana kama wiki tatu mpaka studio ikakubali, na sio kukubali tu kuimba, wakabadilisha mhusika mwenyewe, yaani Valerie, mmoja wa wale watatu wa bendi, akachorwa msichana mweusi. Valerie akawa miongoni mwa wahusika wa mwanzo kabisa wa kike weusi wa kudumu kwenye katuni za Jumamosi Marekani. Watoto wangapi wasichana weusi walijiona kwenye ile runinga kwa mara ya kwanza, na chanzo ni koo la msichana wa miaka 19 ambaye jina lake hawakulijua.

Wakati anafika hapo Patrice hakuwa mgeni wa muziki. Alikuwa karekodi Capitol tangu katikati ya miaka ya 60, "Stolen Hours" ya 1966 mpaka leo wapenzi wa soul ya zamani Uingereza wanaililia. Na jina lake limo kwenye waandishi wa "You've Made Me So Very Happy", pamoja na dada yake Brenda, Frank Wilson na Berry Gordy, Brenda akaitoa 1967, alafu Blood, Sweat & Tears wakairudia 1969 ikafika namba mbili Marekani. Umeona? Huyu anahesabiwa kwenye orodha za "sauti za katuni" kana kwamba ndo kilele chake, wakati alishaandika wimbo ambao dunia nzima iliuimba. Alifariki Oktoba 2006. Nyimbo zao za Capitol zilikusanywa upya kwenye CD 2001, kwaiyo angalau hilo lilifanyika yeye akiwa hai, lakini watu wengi wanaomsifu leo wameanza kumtafuta akiwa hayupo, na mimi kila nikifika hapa nasema bora mtu aandikiwe barua moja yenye makosa akiwa hai kuliko makala nzuri akiwa kaburini.

Uliuliza hela. Kwa wapigaji, walilipwa kiwango cha chama kwa kikao, masaa matatu yao, kwisha, santuri iuze elfu moja au iuze mamilioni. Kwa sheria za pale hiyo sio wizi, ni mapatano, ila ukiona pengo lilivyo inauma. Na redio za kawaida za Marekani mpaka leo zinalipa waandishi wa nyimbo tu, hazimlipi aliyeimba wala aliyepiga. Kwaiyo wimbo ukipigwa redioni kule Barry na Kim wanapata, Dante kwa kuimba kwake hapati. Kwenye redio za intaneti na setelaiti hali ni tofauti, kuna SoundExchange, shirika linalokusanya hela hizo, na hela inagawanywa asilimia 50 kwa mwenye rekodi, 45 kwa msanii anayetajwa, na 5 inakwenda kwa waitikiaji na wapigaji wasiotajwa, nusu kwa wapigaji nusu kwa waimbaji. Rekodi za kabla ya 1972 zilikuwa zimeachwa nje ya sheria ya nchi, ziliingizwa 2018. Hiyo asilimia 5 inashikwa na mfuko wa pamoja wa AFM na SAG-AFTRA, na mfuko huo una orodha ya wazi mtandaoni ya majina ambayo hela zao zipo na wenyewe hawajaonekana, wao au warithi wao. Hapo sasa kutafuta waliosahaulika kunaacha kuwa mapenzi ya muziki tu, maana kuna mjane au mtoto mahali anaweza kupokea kitu. Ukimpata mtu kwenye utafiti wako na jina lake limo kwenye ile orodha, mwambie kwanza kabla ya kumuuliza chochote.

Kuhusu kuwafikia. Wengi wana miaka themanini au zaidi, wengi wameshatangulia. Usitafute anuani ya nyumba ya mtu wala kuirusha popote hata ukiipata. Pitia chama, pitia ukurasa wao rasmi, pitia meneja. Kuna wengine walitoka kwenye muziki kwa kutaka wenyewe na hawataki kurudishwa, ukijibiwa hapana au usipojibiwa mara ya pili acha, humdai mtu kitu. Na swali lako liwe dogo na gumu. Ukimuuliza mzee "ilikuwaje enzi zile" atakupa stori ile ile aliyowapa watu miaka yote, ulimi umeshaizoea. Muulize nani alikuwa amekaa upande wako wa kushoto, muulize kinanda kilikuwa cha aina gani, mtumie picha ya lebo aishike machoni. Kitu kidogo ndo kinafungua mlango.

Na bahati yako ni kwamba Ron Dante hakujificha, tangu 2018 alishika nafasi ya mwimbaji wa The Turtles kwenye ziara yao ya kila mwaka ya Happy Together, na ana ukurasa wake. Kila mtu anamuuliza "Sugar, Sugar". Wewe mpigie picha upande wa pili wa santuri ya baba yako, ule wa "Melody Hill", na zile namba zilizokwaruzwa pembeni, mwandikie kwamba iko Tanga, muulize nani walikuwa studio siku hiyo. Akikujibu nitumie na mimi.